Fundo la Mkono wa Kushoto

Shangazi yangu alishona mikataba ya nchi kwa miaka thelathini na moja bila kusoma hata mmoja. Mgeni akimuuliza anafanya kazi gani bungeni, humjibu, "Nashona." Mgeni hudhani ni mapazia, naye humwacha adhani hivyo.

Chumba chake kiko chini ya ngazi, kati ya maktaba ninakofanya kazi mimi na stoo ya viti vibovu. Kina dirisha moja linalotazama ukuta, meza ndefu iliyochubuka rangi, na kabati la chuma ambalo mlango wake haufungi mpaka uupige teke chini upande wa kulia. Mezani kuna maharazi mawili ya kutobolea karatasi, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sabuni, rili za uzi wa kitani, donge la nta, taa ndogo ya spiriti, na kijiko cheusi cha kuyeyushia lakiri. Wabunge humwita Bi Sindano. Wapo waliokaa bungeni vipindi vitatu na hawajui kama ana jina jingine.

Nilipoanza kazi nilimuuliza anieleze mikataba inavyopita. Vitabu nilikuwa nimevisoma, lakini nilitaka kusikia kwake. Alivuta uzi kwenye nta, akasema, "Serikali ndiyo inayokwenda kuposa. Inavaa, inasafiri, inazungumza na wenyewe, inatia saini. Ikirudi, Bunge ndilo linaloulizwa kama ndoa ifungwe au isifungwe. Mimi ni fundi wa nguo ya harusi. Siulizwi kitu."

Sijapata kuona kitabu kilichoeleza vizuri zaidi. Waziri wa Mambo ya Nje akishatia saini na nchi nyingine, saini yake peke yake haiifungi nchi. Lazima mkataba uletwe bungeni, Kamati ya Mambo ya Nje iusome, kisha Bunge zima lipige kura. Bunge haliwezi kubadili neno, maana maneno yamekubaliwa na watu wawili na mmoja wao hayumo ukumbini. Linaweza kusema ndiyo au hapana. Na wanachosemea ndiyo au hapana ni kile kitabu chembamba kilichowekwa mezani siku hiyo, mbele ya Spika.

Ndiyo maana kinashonwa. Kurasa huja bungeni zikiwa huru, kutoka wizarani ng'ambo ya barabara. Hazigongwi mhuri moja moja. Shangazi huzitoboa matundu matano, huzipitishia uzi uliotiwa nta, na kufunga fundo moja kwenye tundu la tatu. Kamati hukisoma hivyo. Kikitoka kwenye kamati hurudi wizarani kubandikwa cheti cha waziri, kisha huja tena kwa Shangazi, naye hulimwagia fundo lakiri nyekundu na kuigandamiza mhuri wa Bunge. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuchomoa ukurasa bila kuvunja kitu.

Kanuni yake ya kazi aliipokea kwa mzee aliyemfundisha: mshonaji hasomi. "Ukisoma utakuwa na maoni," alisema, "na mwenye maoni mkono wake hutetemeka." Alipokuwa na mkataba mezani alikuwa akiulaza kifudifudi, maandishi chini, kama mtu anayemgeuzia kisogo jirani anayeoga.

Kanuni hiyo hiyo alimfundisha mkamwana wake, ambaye kwangu ni wifi. Kaka yangu, mtoto pekee wa Shangazi, ni fundi wa minara ya simu na hurudi nyumbani baada ya miezi mitatu mitatu. Mkewe aliingia nyumba ile akiwa hana kazi wala mtu wa kuzungumza naye mchana. Shangazi akampa sindano. Wifi anatumia mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza Shangazi alijaribu kumhamishia kulia, wiki ya pili akasalimu amri. "Basi shona kwa huo aliokupa Mungu. Karatasi haina kulia." Kwa miaka mitatu, nami nikiishi nao, niliwaona wakikaa upande huu na upande ule wa meza ya kulia chakula, wameinamia madaftari ya zamani, viwiko vikigongana kwa sababu mmoja alivuta uzi huku na mwingine kule. Ilipotokea nafasi ya fundi wa majalada katika masijala ya Wizara ya Mambo ya Nje, wifi aliomba, akachukuliwa kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka huo ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ninaousimulia. Siku ile alipoitwa kwenye usaili, Shangazi ndiye aliyempigia pasi blauzi. Aliunguza kola, wakacheka.

Nilipaswa kuielewa mapema ile kola. Shangazi alikuwa ameanza pia kuniita kutoka maktaba nimtungie uzi. Alisema taa ya chumba imepungua nguvu. Fundi umeme alibadilisha balbu mara mbili, mara ya tatu akaniambia mlangoni, "Dada, hii ikizidi hapa tutakaanga mayai."

Mkataba wenyewe ulikuwa wa maji. Kuna mto unaotugawa na nchi jirani, na kwa miaka mingi kila upande ulichota ulivyotaka. Sasa nchi mbili zimekubaliana mgawo: sisi kiasi hiki, wao kiasi hiki, kiangazi hivi, masika hivi. Ugomvi haukuwa wa mgawo. Ugomvi ulikuwa juu ya nani ataweza kuubadili kesho. Rasimu ya kwanza ilisema mawaziri wa nchi mbili wanaweza kuubadili wakati wowote kwa kuandikiana barua. Mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje, mwalimu mstaafu wa jiografia mwenye sauti ya kufundishia uwanjani, alimwita waziri mbele ya kamati mara nne kabla hajasafiri kwenda kutia saini. "Mheshimiwa," nilimsikia akisema, nikiwa nimekaa nyuma na vitabu vyangu vya marejeo, "leo unatuomba tukubali mkataba, kesho unaubadili kwa barua ambayo hatutaiona. Sisi tutakuwa tumekubali nini?" Miezi minne ilipita. Waziri aliposafiri, ibara ya tisa ilikuwa imeandikwa upya: mabadiliko yoyote ya mgawo hayatatumika mpaka yaridhiwe na mabunge ya nchi zote mbili. Mkataba ukasainiwa hivyo. Kamati ikausoma, ikaandika taarifa ya kuupendekeza, na kura ikapangwa Alhamisi.

Jumanne asubuhi tarishi alileta kitabu kutoka wizarani, kimebandikwa cheti cha waziri. Nilimwona Shangazi akisaini kukipokea. Nusu saa baadaye alisimama kwenye mlango wa maktaba. Haji maktaba hata siku moja. Husema harufu ya vumbi letu si sawa na ya vumbi lake.

"Msomi, una nafasi?"

Nilimfuata. Lakiri ilikuwa imegandia kwenye kijiko, na taa ya spiriti imezimwa. Alinishika kidole gumba akakiweka mgongoni mwa kitabu, kwenye tundu la tatu.

"Unasikia nini?"

"Fundo."

"Limelala upande gani?"

Nilijaribu. Lilikuwa donge dogo kama punje ya mtama. "Sijui, Shangazi."

"Ndiyo maana wewe uko maktaba." Alikirudisha kidole changu mahali pake kama kitu alichoazima. "Fundo langu hulala kulia. Huwa nalipapasa kabla sijamwaga lakiri, ni mazoea tu. Hili limelala kushoto."

Hatukutaja mtu. Ng'ambo ya barabara kuna mkono mmoja tu unaofunga fundo lile kwa kushoto, na mkono huo ndio uliotupikia chai asubuhi.

"Basi nisomee," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama ukuta wa dirishani. "Nisomee wote. Taarifa ya kamati unayo? Soma huku unalinganisha."

Nikasoma, taarifa ya kamati, iliyonakili ibara zote, mkono mmoja na kitabu mkono mwingine. Ibara ya kwanza hadi ya nane zilikuwa sawa. Ukurasa wa kumi na moja, ibara ya tisa, nilisimama. Nilirudia kimya kimya, kisha kwa sauti. Karatasi ilikuwa ileile, herufi zilezile, lakini sentensi iliyokuwemo ni ile ya zamani: mgawo wa maji unaweza kubadilishwa wakati wowote kwa mawaziri wa pande mbili kuandikiana barua.

"Inamaanisha nini?" aliuliza Shangazi.

"Inamaanisha Alhamisi Bunge likisema ndiyo, litakuwa limesema ndiyo kwa hii. Mwenyekiti atasimama ausifu mkataba huku akiwaza ile nyingine. Wakija kugundua, pengine mwaka kesho, kutakuwa na karatasi mbili zenye ibara mbili, na iliyoridhiwa ni iliyokuwa mezani."

"Aliyefungua namjua," alisema. "Aliyebadilisha simjui. Nipe mpaka jioni."

Jioni tulikula watatu, kaka akiwa kwenye minara yake. Wifi alisimulia habari ya bosi wake aliyekwama kwenye lifti pamoja na balozi, na jinsi walivyokaa humo dakika arobaini wakizungumzia magoti yao. Alicheka peke yake. Shangazi alisubiri hadi sahani zilipotolewa.

"Mwanangu, ule mkataba wa maji ulipita mikononi mwako?"

Wifi alikuwa anafuta meza. Kitambaa kikasimama. "Ulipita, Mama. Ijumaa. Nilibandika cheti."

"Ukaufungua."

"Nani kakuambia?"

"Wewe mwenyewe. Umelaza fundo kushoto."

Wifi alikaa. Hakulia, wala hakukana. Alitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi kama anayeomba nitoke, na mimi nikainuka, lakini Shangazi akasema, "Mwache akae, ameshausoma."

"Ramani ilikuwa haifunguki, Mama," alisema wifi.

Mwishoni mwa mkataba kuna ramani ya mto iliyokunjwa mara nne. Wifi alipobandika cheti aliifungua kuhakikisha imekaa sawa, kama alivyofundishwa. Ikafunguka mpaka katikati, ikagoma. Uzi ulikuwa umepita kwenye mkunjo wa tatu. Nusu nzima ya chini ya mto, mpaka kwenye mdomo wake, ilikuwa imeshonewa ndani. Kamati, iliyogombania maneno, haikuwa imeikunjua.

"Nikawaza, Alhamisi mwenyekiti ataifungua mbele ya Bunge zima, itachanika. Wataulizana nani kashona. Watasema Bi Sindano kazeeka, haoni." Sauti yake ilishuka. "Na kweli huoni, Mama. Nakuona unavyonusa vikopo jikoni badala ya kusoma karatasi zake. Nilitaka niirudishie tu ramani mahali pake, nifunge. Nilidhani hata wewe hutajua."

Shangazi akauliza, "Na ukurasa wa kumi na moja?"

"Ulichanika kwenye tundu nilipokuwa navuta uzi. Nikatoa mwingine kwenye faili letu. Ukurasa uleule, namba ileile, ibara ileile. Nikaushona."

"Hukuusoma?" Ni mimi niliyeuliza. Sikukusudia.

Wifi alinigeukia kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakuvaa viatu kitandani. "Mshonaji hasomi, wifi."

Shangazi alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nilidhani analia, lakini alipoondoa mikono macho yalikuwa makavu. "Nimekufundisha vizuri mno," alisema.

Nikamweleza wifi kilichoandikwa kwenye ule ukurasa, na masijala zinavyoweka rasimu na nakala ya mwisho kwenye faili moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa ana akili ya haraka kuliko sisi sote, akashika mkono wa Shangazi.

"Uliochanika ninao. Uko kwenye mkoba wangu, sikuutupa. Ulinifundisha karatasi ya mkataba haitupwi. Kesho saa ya chakula nakuja chumbani kwako, tunaubandika lile tundu kwa karatasi nyepesi, tunaurudisha, tunafunga. Dakika ishirini. Nani atajua?"

Lazima niseme kweli: nilikubaliana naye. Maneno sahihi yangerudi mahali pake, Bunge lingepigia kura kilekile lilichokusudia, na hakuna mtu angepoteza chochote. Nilikuwa tayari kulinda mlango.

Shangazi alifikiri. Naamini alifikiri kwa uaminifu, maana alichukua muda.

"Kesho tunaurudisha ukurasa wa kweli kwa siri," alisema. "Sawa. Kesho kutwa mtu mwingine anaingiza wa uongo kwa siri hiyohiyo. Mlango ni mmoja, mwanangu. Miaka yote hii wale watu wamepiga kura bila kukagua matundu kwa sababu walijua nimekaa mlangoni."

"Mama, mwezi huu nathibitishwa kazini."

"Najua."

"Watanifukuza."

"Huenda."

"Na wewe watakuambia nini?"

"Wataniambia nivae miwani."

Shangazi aliuvuta mkono wa kushoto wa wifi mpaka kwenye mwanga, akaupapasa vidole kimoja kimoja, pale palipochomwachomwa na sindano. "Umetaka kunisitiri," alisema. "Tangu baba mkwe wako afariki hakuna aliyejisumbua kunisitiri. Hilo sitalisahau. Lakini kesho tunakwenda."

Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa nje ya ofisi ya Katibu wa Bunge, watatu kwenye benchi la watu wawili. Wifi aliomba ruhusa kazini kwa kusema anakwenda hospitali. Shangazi akamlazimisha apige simu tena aseme anakwenda bungeni. Mimi nilibeba taarifa ya kamati. Katibu ni mtu mwembamba anayekunywa maji ya moto matupu kutwa nzima, na husikiliza akiwa amefumba macho.

Shangazi hakuketi. Alikiweka kitabu mezani, na juu yake ukurasa uliochanika.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilishonea ramani ndani kwa sababu sioni vizuri, na sikumwambia mtu. Kosa la pili limetoka kwenye la kwanza. Ukurasa wa kumi na moja uliomo humu si ule ambao kamati iliusoma."

Katibu alifumbua macho. Alisoma kurasa mbili, moja baada ya nyingine, kisha akazisoma tena. "Nani alifungua?"

Niliona Shangazi akivuta pumzi, na nadhani alikuwa na jibu tayari la kumkinga. Lakini wifi aliyekuwa nyuma yangu akasogea mbele.

"Ni mimi. Ijumaa mchana, masijala. Sikutumwa na mtu."

"Na kama msingekuja?"

"Usingejua," alisema Shangazi. "Ndiyo maana tumekuja."

Katibu alimwita mwenyekiti wa kamati. Alikuja akiwa na kikombe mkononi, akausoma ukurasa kwa kusimama, kisha akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka. "Miezi minne," alisema. Sauti ya uwanjani haikuwepo. "Miezi minne nimegombana na waziri kwa sentensi moja. Halafu inatolewa na mtu ambaye hata hakuisoma."

"Hakuisoma kwa sababu nilimkataza," alisema Shangazi.

Mwenyekiti alimtazama, akamtazama na wifi. Akakivuta kitabu, akafungua mwishoni, akaikunjua ramani mkunjo baada ya mkunjo mpaka ikafunika meza yote na kikombe cha Katibu. Aliuteremsha mto kwa kidole hadi chini kabisa.

"Angalau inafunguka," alisema.

Alhamisi sikuweza kukaa maktaba. Nilipanda kwenye jukwaa la wageni. Spika alitangaza kwamba nakala ya mkataba wa maji iliyokusudiwa kuwekwa mezani imeondolewa kwa marekebisho ya jalada, na kwamba itawasilishwa Jumatano inayofuata. Mbunge mmoja alinong'ona kwa nguvu, "Jalada? Tumekuja wote kwa ajili ya jalada?" Wenzake wakacheka. Hawakujua wanacheka nini, na nilifurahi kwamba hawakujua.

Wizarani hakukuwa na kicheko. Mkuu wa masijala alitaka wifi aondoke siku hiyohiyo. Kilichomwokoa, nijuavyo mimi, ni barua ya mwenyekiti, na pia ile hati ya ruhusa yake iliyoandikwa "anakwenda bungeni" saa moja na nusu asubuhi, kabla mtu yeyote hajamuuliza. Ijumaa alirudi nyumbani na bahasha. Tuliisoma watatu, yaani mimi niliisoma. Onyo la maandishi, na majaribio yameongezwa miezi sita. Wifi alisema, "Miezi sita si kitu, nimekaa na mama mkwe miaka minne." Shangazi akamtupia kitambaa cha meza.

Yeye alipelekwa kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Katibu alimkataza kushika sindano mpaka atakapofanyiwa upasuaji, na akaandika utaratibu mpya: tangu sasa, kabla mkataba haujashonwa, kurasa zote zitasomwa kwa sauti, na mtu wa Bunge na mtu wa wizara wakiwa chumbani. Kwa mkataba wa maji mtu wa Bunge nilikuwa mimi. Mtu wa wizara alikuwa wifi, na kwa kuwa Bunge halikuwa na mshonaji mwingine, ndiye pia aliyeshona.

Ilikuwa Jumatatu mchana. Ule ukurasa uliochanika ulibaki kwenye faili la Katibu pamoja na maelezo, na wizara ikaleta mpya, uliokaguliwa na watu watatu. Shangazi aliketi kwenye kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia, mgongo wima. Nilisoma taratibu. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya ndugu aliyepotea siku nyingi. Nilipofika ibara ya tisa aliinua kidole.

"Rudia."

Nikarudia: mabadiliko yoyote ya mgawo wa maji hayatatumika mpaka yaridhiwe na mabunge ya nchi zote mbili.

"Yaani wakitaka kubadili, lazima warudi hapa."

"Warudi hapa, na wenzetu warudi kwao."

"Na kitashonwa tena." Aliegemea kiti. "Basi ni ibara nzuri."

Wifi alitoboa, akapitisha uzi. Ramani aliifungua na kuikunja mara tatu kabla hajaridhika. Alipofika kwenye tundu la tatu nilimwona akisita, kisha akageuza kifundo cha mkono kwa shida, anajaribu kufunga kinyumenyume ili fundo lilale kulia. Shangazi hakuweza kuliona lile. Nadhani alisikia uzi ukinyamaza.

"Lifunge kama unavyofunga," alisema.

"Watu wamezoea lako, Mama."

"Watazoea."

Wifi akafunga. Shangazi akainuka, akapapasa meza mpaka akakipata kitabu, akaweka kidole gumba kwenye fundo lililolala kushoto, akakiacha hapo kidogo. Kisha akaniambia niwashe taa ya spiriti, na lakiri akaimwaga yeye mwenyewe, nikiwa nimemshika kiwiko.

Jumatano Bunge liliridhia, kura nyingi dhidi ya tisa. Mwenyekiti aliifungua ramani yote.

Shangazi sasa ameshafanyiwa jicho la kulia na anasubiri la kushoto. Angeweza kusoma mwenyewe kwa lile moja. Lakini kila siku saa ya chakula anakuja maktaba, analaumu vumbi letu, anakaa, na kunitaka nimletee mmoja wa mikataba aliyoishona. Tulianza na ule wa kwanza kabisa, ambao usiku wa kuamkia kuushona hakulala kwa hofu. Ulikuwa wa vifurushi vya posta, kurasa nane, ukiwemo ukurasa mzima juu ya uzito wa kamba.

"Kumbe," alisema nilipomaliza. "Na nilivyouogopa vile."

Kisha akasema nilete unaofuata. Tumefika mwaka wake wa nne kazini.